Kiapo cha Divai

Bilauri ilikuwa imefika mdomoni. Hapo ndipo tulipomwacha Rosalia wiki jana, na kwa barua nilizopata inaelekea wengi wenu hamjala vizuri tangu siku hiyo. Poleni. Yeye mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Kwa wewe uliyeletewa gazeti hili likiwa limefungia maandazi ukajikuta unasoma, habari ni fupi. Rosalia ni mjane wa Temeke, miaka ile vita vya Hitla vilipokwisha. Mumewe Albano alikuwa mtumishi wa mezani kwa Mgiriki mmoja wa mjini. Alishikwa na homa, akaomba divai kidogo, Rosalia akammiminia, na kabla jua halijatua alikuwa maiti.

Leo ni arobaini yake. Mdogo wa marehemu, Fransis, alisimama jana mbele ya ukoo akasema divai ile ilitiwa kitu, na aliyeitia ni mke.

Mzee Ansbert, mjomba wao aliyekuja na meli kutoka Lindi, akakata shauri. Iletwe chupa ileile, iletwe bilauri ileile, na Rosalia anywe kilichobaki mbele ya watu. Jua likitua naye amesimama, hana hatia. Akianguka, ameshajihukumu.

Zamani kule kwao kiapo cha namna hii kiliitwa mwavi. Misheni iliukataza, kisha serikali ya Mwingereza nayo ikaukataza, na Mzee Ansbert, katekista mstaafu, alilijua hilo vizuri.

"Huu si mwavi," aliwaambia watu. "Mwavi ni gome la mti. Hii ni divai. Divai ni kinywaji cha kanisani."

Mtu akishataka kutenda jambo, hakosi jina zuri la kuliita.

"Kunywa, shemeji," alisema Fransis.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa wanga, na kofia ameishika kifuani kwa heshima ya kaka yake. Tangu adhuhuri hakuishusha. Wanawake walikuwa wameshasema kwamba huyo ndiye mtu mwenye uchungu, si yule mjane mkavu.

"Kunywa tumalize. Watu wana kazi kesho."

Rosalia hakumchukia. Hakuwa na kitu cha kumchukia nacho. Tangu walipomzika Albano, mwili wake ulikuwa hapa na yeye hayupo. Wiki ile ya kwanza alishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akajua ameungua kwa kunusa harufu. Aliletewa chakula, akala. Aliambiwa alale, akalala. Machozi hayakutoka hata moja, na kina mama wa mtaani, ambao kwa kazi ya kuhesabu machozi ya wenzao hawana mpinzani, wakasema mjane asiyelia ana lake jambo.

Basi mbona alikubali kiapo? Wengi mmeniuliza. Mmoja wa Mtoni ameniandikia kwamba nimemfanya Rosalia mjinga.

Si mjinga, ndugu yangu. Alikuwa anataka kujua.

Kuna mambo mawili Rosalia hakumwambia mtu. La kwanza ni hili. Siku ile alipommiminia mumewe divai, kizibo kilitoka bila kubishana, na rangi ya divai haikuwa sawa. Ilikuwa na ukungu. Aliuona. Alisimama na bilauri mkononi kitambo kidogo, akajiambia labda ni uzee wa chupa, akampa mgonjwa.

La pili ni la baada ya hapo. Albano alikunywa asubuhi. Ilipokaribia alasiri alifumbua macho akasema, "Rosalia, mbona miguu yangu siisikii?" Hakusema kingine cha maana mpaka alipokata roho.

Hayo mawili alilala nayo kila siku. Niliona, nikampa. Je, ni mie niliyemuua? Hakuna mtu wa kumwuliza ila chupa yenyewe. Ndiyo maana Mzee Ansbert alipotamka hukumu, Rosalia alisema "Sawa" haraka mno, mpaka mzee mwenyewe akashtuka.

Sasa turudi kwenye bilauri.

Ilifika mdomoni, ikasimama. Si kwa woga. Ni mkono tu uliokumbuka mazoea. Kabla ya kunywa, kiganja kiligeuka, kikaiinamisha bilauri kidogo kuelekea kwenye mwanga wa jua, juu ya shuka jeupe lililotandikwa pale chini. Albano alimfundisha hivyo.

Yeye kila Jumapili alikuwa akirudi na kichupa cha masalio ya mezani kwa Mgiriki, anatandika kitambaa cheupe juu ya sanduku la nguo, anamwita mkewe.

"Usiinywe. Itazame kwanza," alikuwa akimwambia. "Tazama pindoni, pale inapogusa kioo. Yenye pindo la zambarau ni kijana. Ina kelele, inauma ulimi, haijui kungoja. Yenye pindo la rangi ya tofali ni mtu mzima. Imekaa gizani miaka, haina haja ya kugombana na mtu."

"Na inayong'aa sana?"

"Hiyo imepambwa. Usiiamini."

"Na yenye ukungu?"

"Hiyo mgonjwa, mke wangu. Usimpe mtu."

Usimpe mtu. Maneno hayo ndiyo yaliyomla siku zote arobaini.

Chupa aliyoacha Albano ilikuwa mtu mzima. Pindo lake lilikuwa tofali, na siku ile, juu ya tofali, ukungu. Lakini hiki kilichokuwa sasa kwenye bilauri hakikuwa na tofali wala ukungu. Kilikuwa chekundu cha kung'aa kutoka kati mpaka pindoni, chekundu cha sherehe.

Rosalia alikitazama. Akainua macho taratibu, akatazama upande waliokaa wanawake.

Hamisa alikuwa pale, kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Hamisa ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Temeke hapo, shoga wa Rosalia tangu siku Rosalia aliposhuka na mizigo yake kutoka Lindi hajui hata pa kuchota maji. Tangu jana chupa ilikuwa imewekwa kwake. Mzee Ansbert aliamua hivyo mwenyewe: huyu ni Mwislamu, hanywi, na si wa upande wowote.

Macho yao yakakutana. Hamisa akatikisa kichwa kidogo sana. Kunywa, shoga. Kunywa unyamaze.

Hapo Rosalia akaelewa.

Tazama basi mlango uliokuwa umefunguliwa mbele yake, msomaji wangu. Anywe tu. Jua litatua, atakuwa amesimama, Mzee Ansbert atanawa mikono, Fransis ataomba radhi, na Rosalia ataishi Temeke kwa heshima mpaka azeeke. Mie ningekunywa. Wewe pia ungekunywa, tusidanganyane.

Rosalia aliiweka bilauri chini.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini?" aliuliza Mzee Ansbert.

"Hii si divai ya mume wangu."

Ua wote ukalipuka. Fransis alipiga hatua mbele, kofia bado kifuani.

"Mnaona? Mnaona! Anakwepa! Alikubali mbele yenu, sasa anakwepa!"

"Sikwepi, shemeji. Nileteeni ile ya kweli niinywe. Hii siyo."

"Mwanangu," alisema Mzee Ansbert, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfundisha mtoto katekismu, "mie nimehudumia altare tangu padri wetu wa kwanza akiwa na ndevu nyeusi. Divai naijua. Ni nyekundu. Hii hapa nyekundu. Unataka nini tena?"

"Nyekundu ziko nyingi, mjomba."

"Nyekundu ni nyekundu!"

Na huenda mambo yangeishia hapo, kwa maana mzee wa ukoo akishasema nyekundu ni nyekundu, ni nani wa kubisha? Lakini kwenye msiba kuna mtu mmoja asiyeogopa mzee, mfiwa wala maiti mwenyewe. Mtu huyo ni mtani.

Marijani, fundi wa makuti, alikuwa mtani wa ukoo ule. Tangu asubuhi alikuwa kazini: ameshaiba kiatu cha Mzee Ansbert, ameshalala pale alipokuwa akilala marehemu na kudai uji. Sasa akajipenyeza katikati, akachutama mbele ya bilauri.

"Ngojeni, kesi hii ina hakimu," alisema.

Alinusa kwanza. Dini ni dini. Akanusa tena, uso ukamkunjuka. Akachovya kidole, akalamba.

"Mzee Ansbert," alisema, "kama hii ndiyo divai ya kanisani kwenu, basi nibatizeni leoleo. Hii ni rozela!"

"Rozela?"

"Rozela. Maua mekundu, maji ya moto, sukari. Na hii iliki najua imetoka jiko gani, maana Temeke nzima ni mmoja tu anayeimwaga hivi bila huruma."

Vichwa vyote viligeuka. Hamisa akaivuta khanga ikamfunika uso mzima, lakini khanga haijapata kumficha mtu aliyekwisha kuonekana.

"Hamisa," aliita Mzee Ansbert.

"Abee."

"Chupa nilikukabidhi wewe."

"Ulinikabidhi, mzee. Shikamoo."

Maskini, alimwamkia mara ya tatu siku hiyo. Ulimi ulikuwa umemkwama kwenye adabu.

"Ndiyo mie," alisema mwishowe. Akaitupa khanga mabegani, akasimama. "Ndiyo mie, nifanyeni mtakavyo. Nimeimimina divai yenu leo asubuhi nikatia rozela. Nyie watu wazima mnakaa kwenye mkeka mnamtazama mwenzenu anywe kilichoua mtu, halafu mnasema kiapo! Mie sikuweza. Huyu kanizalisha mtoto wangu wa mwisho kwa mikono yake, mkunga kachelewa. Nikae nimtazame anakufa? Mie?"

Alikuwa analia sasa, kwa sauti, bila haya. Rosalia alimtazama tu.

"Hamisa."

"Shoga yangu."

"Ulidhani nimemuua."

"Sikudhani hivyo! Nilidhani utakufa."

"Ni hilohilo."

Ni kweli, na wote wawili walijua. Kama divai ingekuwa safi machoni pa Hamisa, angeiacha. Rafiki yake wa pekee alikuwa amempima, akamwona na hatia, kisha akamwokoa. Jambo hilo lilitakiwa kumwuma Rosalia. Alilingoja limwume. Halikuja. Alihisi tu kama mtu anayesukumwa na watu sokoni.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Divai. Ulisema umeimimina. Uliimwaga?"

"Sikuimwaga." Hamisa alifuta pua. "Niliogopa. Kitu cha kiapo, mtu humwagi ovyo, sijui kitakufuata vipi. Nimeitia kwenye kopo la bluu, nimefunika kwa sahani, iko nyuma ya mtungi jikoni kwangu."

"Kailete."

"Rosalia..."

"Kailete, Hamisa. Nitakunywa."

Wanawake walishika vichwa. Mzee Ansbert mwenyewe alisema, "Hapana haraka, mwanangu," na kwa mara ya kwanza alionekana mzee kweli. Lakini Hamisa alikuwa ameshatoka.

Watu wakangoja. Kuku walipita katikati ya ua. Fransis alijipangusa jasho kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukabaki na kofia kifuani.

Hamisa alirudi na kopo la bluu. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza juu chini mbele ya Mzee Ansbert. Halikutoka tone.

"Tupu," alisema. "Imenywewa."

Kila mtu alianza kumtazama jirani yake, kuona nani ana uso wa mtu anayekufa.

"Nani aliingia jikoni kwako?" aliuliza Marijani, na hata yeye utani ulikuwa umemwisha.

"Hakuna. Nani aje jikoni kwangu? Watoto niliwapeleka kwa bibi yao. Asubuhi alikuja tu..."

Akageuza macho kwa Fransis.

"Alikuja tu shemeji Fransis. Aliomba maji. Nilimwambia aingie, mtungi uko ndani, mie nilikuwa uani nachambua mchele."

"Nilikunywa maji!" Fransis alisema. "Maji! Nyie mna wazimu? Mie niliyesema ina sumu, niinywe?"

Lilikuwa neno la maana, na wengi walitikisa vichwa kukubali. Mtu gani atakunywa sumu aliyoitangaza mwenyewe?

Rosalia alikuwa anamtazama. Si usoni. Alitazama kofia.

"Shemeji," alisema, "shusha kofia."

"Kwa nini?"

"Ishushe tu."

"Hii ni heshima ya kaka yangu!"

"Umeshamheshimu. Ishushe."

Fransis alirudi nyuma hatua moja, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake, kwa sababu nyuma yake alikuwa Marijani. Mtani huna ruhusa ya kumkasirikia. Kofia ilitoka kwa mkupuo mmoja, ikaishia kichwani kwa Marijani.

Kwenye shati jeupe, chini kidogo ya kola, palikuwa na doa upana wa kiganja.

"Rozela," alisema Fransis upesi. "Ni rozela hiyo. Nilikunywa rozela ya Hamisa, basi. Kosa? Sikuomba, niliona aibu, nikafunika. Nisameheni."

Rosalia alikwenda mpaka alipo. Alilivuta shati kwa vidole viwili, akaligeuza kwenye mwanga, sawasawa kama alivyofundishwa juu ya sanduku la nguo siku za Jumapili. Kisha akachukua bilauri, akachovya kidole, akadondosha tone la rozela pembeni ya doa.

Tone lilitambaa jekundu, lenye kung'aa, jekundu mpaka mwisho. Doa la zamani lilikuwa limefifia katikati, na pindoni pote lilizungukwa na mstari wa rangi ya tofali.

Sasa hata aliyekaa mbali aliona. Mzee Ansbert aliinama, akatazama moja, akatazama la pili. Akanyoosha mgongo.

"Nyekundu ziko mbili," alisema kwa sauti ndogo.

Fransis aliketi chini.

"Sikujua," alisema. "Wallahi... Mungu wangu, sikujua. Nilisikia kiu, nikafunua kopo, nikaona chekundu, nikajua ni rozela. Nikaonja, ina ukali. Nikasema imechacha. Nikaiona tamu." Aliangalia chini. "Nikamaliza."

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla hamjatandika mikeka."

Kilichofuata kilianza kwa Marijani. Alianza na kikohozi, kikawa mguno, kikawa kicheko kilichomwangusha chini na kofia ya mwenzake kichwani.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe!" alipiga kelele. "Mshitaki kala kiapo! Kakila kwa kuiba, tena kakimaliza! Tazameni! Mzima! Jasho tu! Mzee Ansbert, hukumu iko wapi?"

Na ilikuwa kweli. Ukoo mzima ulianza kuona. Divai ya Albano ilikuwa tumboni mwa Fransis tangu asubuhi, na Fransis alikuwa hai, anaona aibu. Mtu wa kuiogopa divai ile alikuwa hayupo tena.

Mzee Ansbert alipiga fimbo chini.

"Kiapo kimenywewa," alisema. "Hakikumchagua tuliyemchagua sisi, kimechagua chake. Aliyekinywa yu mzima. Basi divai ilikuwa safi, na mkono ulioimimina ni safi. Rosalia, mwanangu, tumekukosea. Albano alikufa kwa homa yake."

Alikufa kwa homa yake.

Rosalia aliyasikia maneno hayo yakipita, akangoja yapite yote kama yalivyopita mengine. Hayakupita. Niliona, nikampa, na hakikuwa kitu. Ukungu ulikuwa uzee wa chupa. Homa ilimchukua, homa tu, ile inayochukua watu kila masika.

Kwanza alisikia miguu yake. Ardhi ilikuwa ya moto, na kumbe alikuwa amesimama juu yake bila viatu tangu adhuhuri. Kisha kiganja alichokiunguza kikaanza kuuma, jeraha la wiki nyingi, likauma kama limetokea sasa hivi. Kisha Albano akafa. Ndiyo, hapo, mbele ya mkeka, ndipo Albano alipokufa kwa mkewe. Hatasikia tena mlango ukifunguliwa Jumapili. Hakuna atakayemwambia tazama pindoni.

Akalia.

Hakulia kwa adabu. Alilia mpaka sauti ikatoka nje ya ua, wapita njia wakasimama. Alikaa chini, Hamisa akaja akakaa naye, akamshika kichwa, na Rosalia akamwachia. Kina mama wa kuhesabu machozi wakaacha kuhesabu, wakalia nao. Nami niseme ukweli, sikumtakia mtu furaha mwaka huo kama nilivyomtakia mama huyu kilio chake.

Adhana ya alasiri ilisikika kutoka msikitini. Watu walianza kusogea. Mtu alisema wali upakuliwe. Marijani alikuwa amemrudishia Fransis kofia na anamdai faini ya mbuzi, na Fransis alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Haya, simama tule," alisema Marijani, akampa mkono.

Fransis aliushika mkono. Akajivuta. Akarudi chini.

Alijaribu tena. Akayatazama magoti yake, akayapiga ngumi taratibu, kwanza moja, kisha la pili.

"Mjomba," alisema. "Mbona miguu yangu siisikii?"

Ua mzima ulicheka.

"Divai hiyo, bwana!" Marijani alishangilia. "Mwizi wa divai keshalewa! Mlazeni, mlazeni, atazinduka kesho ana kichwa cha debe."

Hata Mzee Ansbert alitabasamu. Hata Hamisa.

Kifuani mwa Hamisa, Rosalia aliacha kulia.

Maneno yale alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani, kitandani, kwa sauti ya mumewe, saa kama hii. Katika ua ule wote, kati ya watu wote wale waliokuwa wanacheka, ni yeye peke yake aliyeyajua. Hakuna mwingine aliyewahi kuyasikia, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu.

Akinyamaza, yu huru. Hukumu imeshatoka, mbele ya mashahidi. Fransis atalazwa kwenye mkeka, watu watakula wali, jua litatua, na baadaye watasema hiki na kile, lakini mkono uliomimina umeshaitwa safi. Na huyu Fransis ndiye aliyetaka afe. Kuna wakati wa kukumbuka hilo kama si sasa?

Akisema, basi ukungu ulikuwa sumu. Basi aliona, akampa. Basi ni mkono wake.

Fransis alikuwa anacheka na wenzake, lakini vidole vyake vilikuwa vinabana paja, vinabana kwa nguvu, vinatafuta mahali panapouma.

Rosalia alisimama.

"Mpelekeni hospitali," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Alivuka mkeka, akakanyaga sahani, akamshika Marijani shingoni kwa nguo.

"Mpelekeni hospitali! Tafuta mkokoteni, tafuta baiskeli, chochote, sasa hivi! Hajalewa! Inaanzia miguuni! Jua likitua hatunaye!"

Kicheko kilikatika. Fransis aliacha kubana paja, akamtazama shemeji yake.

Marijani alikimbilia barabarani. Mzee Ansbert hakukimbia. Alimgeukia Rosalia, akaegemea fimbo yake.

"Inaanzia miguuni," alisema. "Umejuaje, mwanangu?"